Mbwa Mmoja, Njia Tatu

Hapo zamani, wakati misafara ilipokuwa ikipita bara kwa miguu, palikuwa na kijiji kiitwacho Mwabulimi, ukingoni mwa mbuga nyeupe. Sogeeni karibu, maana hadithi hii mwisho wake mtaumaliza nyinyi.

Mbuga ile ilikuwa ya mchanga na nyasi fupi. Jua likipanda, ilianza kuelea. Vichuguu viliinuka vikabaki hewani, na mtu aliyetokea mbali alionekana anakuja bila miguu. Wenyeji walikuwa wameizoea. Mtu akiambiwa kuna mgeni anakuja, alisema, ngoja kwanza aote miguu.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Mbuke. Mume wake alikwenda na msafara wa pembe na hakurudi. Wenzake walirudi na kisu chake tu. Miezi michache baadaye Mbuke akajifungua mtoto wa kike, na mtoto akaishi siku arobaini na moja. Mbuke akabaki na mama mkwe wake, Holo, nyumba moja, jiko moja, na maziwa kifuani yasiyo na mwenyewe.

Sasa, mwaka ule msafara mwingine ulikuwa umepumzika kijijini siku nne. Ulikuwa na mbwa mmoja wa ajabu, mwembamba, kifua kirefu, tumbo limeingia ndani, miguu kama ya swala. Msafara ukaondoka, mbwa akaondoka nao. Lakini baada ya miezi miwili jike mmoja wa kijijini akazaa watoto wanne wenye miguu mirefu. Watatu wakafa. Wa nne, Mbuke alimkuta njiani, amening'inizwa shingo mkononi mwa mwenye jike, anapelekwa kutupwa kwenye miiba.

"Mama yake hana maziwa," yule mtu alisema. "Na huyu mwenyewe mtazame. Si mbwa huyu, ni ngazi."

"Nipe," Mbuke akasema.

Akaenda naye nyumbani, akakaa nyuma ya mlango, akakamua maziwa yake katika kipande cha kibuyu. Akachovya ncha ya nguo, akamtia mtoto wa mbwa mdomoni. Mtoto wa mbwa akanyonya nguo. Akachovya tena, akanyonya tena. Holo alipoingia na kuni akaona. Alisimama kidogo, akaziweka kuni chini, akasema, "Rudishia mlango, mwanangu. Upepo unaingiza vumbi." Hakusema lingine siku hiyo wala siku nyingine.

Mbwa akakua. Hakubweka. Kila asubuhi Holo alimuuliza kama ameshiba, naye alimtazama tu. "Huyu jibu lake ni moja," Holo akasema. "Sisemi." Jina likamkaa.

Siku moja akapita mzee Shigela, aliyekuwa mwindaji mkubwa kabla ya ukungu kuanza kumwingia machoni. Alichuchumaa, akapapasa miguu ya mbwa, akapapasa mbavu, akafungua mdomo wake akahesabu meno kwa kidole.

"Binti yangu," alisema, "huyu atakimbia kuliko mbwa yeyote niliyepata kumwona. Lakini mbwa wa mbio asiyefundishwa ni mwizi wa kuku tu."

"Nifundishie, baba," Mbuke akasema.

Shigela akageuza uso kulitazama jua, kama alivyokuwa akifanya kila siku, kupima ni kiasi gani bado analiona. "Nitamfundisha," akasema. "Lakini tuanze kesho. Macho yangu yana msimu mmoja, pengine miwili."

Wakaanza kesho yake. Somo la kwanza lilikuwa kukaa. Shigela alimkalisha mbwa mbele ya tundu tupu, akaenda zake hatua hamsini. Mbwa akamfuata, akamrudisha. Akaenda hatua hamsini, mbwa akamfuata, akamrudisha. Kutwa nzima wakaenda na kurudi. Siku ya tisa Shigela alikwenda hatua hamsini, akaenda mia, akaenda kwake akala ugali wa uwele na mlenda, akalala kidogo, akarudi. Mbwa alikuwa amekaa palepale, kivuli chake kimehama upande.

Somo la pili lilikuwa kukimbiza. Mbuke alijaza nyasi ndani ya ngozi ya kamendegere, akaifunga kwa kamba ndefu, akaikokota mbio mbugani mpaka pumzi ikamwisha. Kwa wasiomjua, kamendegere ni mnyama wa kufaa mchuzi, ana masikio ya sungura na miguu ya nyuma kama ya panzi, na anaruka badala ya kukimbia. Usiku anachimbua karanga za watu. Mchana amelala chini ya ardhi, ameziba mlango kwa mchanga kutoka ndani.

Somo la tatu lilikuwa kubeba. Shigela alimpa mbwa yai la kuku. Siku ya kwanza yai likavunjika. Siku ya pili likavunjika, na Holo akauliza kama wanafundisha mbwa au wanakaanga mayai. Siku ya kumi na moja yai likafika mkononi mwa Shigela zima, limelowa mate, na mzee akalipapasa pande zote bila kuona ufa.

Somo la nne lilikuwa mluzi. Miluzi miwili mifupi maana yake: acha kila kitu, njoo.

Mbwa akayajua yote manne. Lakini kamendegere yuko chini na mbwa yuko juu, na tundu ni jembamba. Nani atamtoa?

Alikuwapo kijijini mrina asali mmoja, Jilala, kijana mwenye mke na watoto wawili, mtu wa maneno machache. Jilala alifuga nguchiro. Alimwokota akiwa mdogo, macho hayajafunguka, akamlea ndani ya mfuko wake wa ngozi. Alimwita Shemeji, kwa sababu, alisema, anaingia nyumbani saa yoyote, anakula kabla ya wenyewe, na hakuna wa kumsema. Nguchiro yule aliingia tundu lolote, na chochote kilichokuwamo kilitoka mbio.

Mbuke akamwendea. "Kaka Jilala," alisema, "wewe una wa chini, mimi nina wa juu. Tuwaunganishe."

"Dada, wako atamla wangu."

"Tutamfundisha."

Jilala akaja na Shemeji ndani ya tenga, amemfunga njuga moja shingoni. Aliliweka tenga chini. Njuga ikalia. Sisemi akaruka, akalibana tenga kwa meno, akalitikisa. Jilala akamnyang'anya, akaona tenga limetoboka, akamchukua nguchiro wake akaondoka. "Sikumfuga awe kitoweo," alisema, na mwezi mzima hakuonekana kwa kina Mbuke.

Mbuke alimfuata mara tatu. Mara ya tatu alimkuta anatazama nguchiro anavyocheza na watoto wake, na Jilala akasema, bila kugeuka, "Nimefikiri. Mlete mbwa hapa. Usimlete na njaa."

Tangu siku hiyo, kiangazi kizima, Jilala alikaa kati ya wanyama wale wawili kila asubuhi mpaka mchana. Kwanza alimlaza mbwa kwenye nyasi alizolalia nguchiro. Kisha akawapa chakula bakuli moja, mkono wake katikati. Njuga ikilia, mbwa akitaka kuruka, Jilala alimtia mkono mdomoni na kusema polepole, "Shemeji. Shemeji. Shemeji." Siku moja mbwa alifunga mdomo kabla ya kusikia neno, na kidole kidogo cha Jilala kikakatika kwenye kiungo. Mbuke alilia. Jilala alikifunga kwa jani na asali, na kesho yake akakaa tena palepale kati yao.

Njuga ikalia. Mbwa akatetemeka. Njuga ikalia. Mbwa akatazama pembeni. Njuga ikalia, na mbwa akalala chini, akaweka kichwa juu ya miguu, na nguchiro akapanda mgongoni kwake akaota jua.

Hapo ndipo wakaenda mbugani.

Mbuke hakuisahau asubuhi ile maisha yake yote. Shigela alitafuta tundu lililozibwa kwa mchanga mbichi, maana ndilo lenye mwenyewe ndani. Mbuke akaziba matundu mengine kwa miiba, akaacha mlango mmoja. Mbwa akakaa mbele ya mlango huo, kimya. Jilala akafungua mfuko. Nguchiro akanusa, akaingia. Njuga ikalia mlangoni, ikalia chini yao, ikalia mbali, ikazama. Palikuwa kimya hata Mbuke akasikia mchanga unavyoporomoka chembe kwa chembe. Mbuga ilikuwa imeshaanza kuelea. Kisha ardhi ikatoa mlio kama wa ngoma ndogo, kamendegere akachomoka, akaruka, akaruka, na Sisemi akaondoka.

Mbuke aliona miguu yake ikigusa chini mara nne au tano tu. Baada ya hapo hakuona miguu. Aliona kitu chekundu kinateleza juu ya weupe, kama kivuli cha ndege, kinapinda pale kamendegere anapopinda, mpaka vivuli viwili vikawa kimoja. Mbwa akarudi anatembea. Akamweka kamendegere mkononi mwa Shigela, mzima, bila alama ya jino. Nyuma yake njuga ikalia, Shemeji akatoka na vumbi puani, na mbwa akamlamba.

Shigela alikuwa amekaa chini. "Nimemwona," alisema. "Nimemwona akikimbia." Akarudia mara kadhaa. Kufika mavuno yale, mzee hakuona tena kitu isipokuwa mwanga na giza.

Kwa miaka miwili walivuna karanga zao bila kuzigombania na wanyama wa usiku, na nyama waligawana na majirani. Hakuna aliyeuliza mbwa ni wa nani. Alilala kwa Mbuke, alikula kwa Jilala, na jioni alikwenda kukaa miguuni pa Shigela.

Mwaka wa tatu mvua ilinyesha siku moja, haikurudi. Mtama ulichipua ukanyauka. Wakangoja mvua ndogo, nayo haikuja. Visima vikaanza kutoa tope, kisha vikatoa harufu ya tope. Watu wa Mwabulimi wakakaa kikao, wakakubaliana kuhama, kila mmoja aende alikokuwa na ndugu.

Mbuke alikuwa na kaka yake magharibi, mwendo wa siku tisa, na Holo alikuwa hawezi kwenda mbio. Chakula walichokuwa nacho kilikuwa cha siku mbili, na njia ilipita penye fisi.

Jilala alikuwa anakwenda kusini, kwa ndugu zake kwenye misitu ya nyuki. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Nyuki nao walikuwa wamekimbia ukame, kwa hiyo asali haikuwapo. Nguchiro peke yake angetoa wanyama chini, nao wangekimbia zao.

Shigela alikuwa haendi popote. "Kuna chemchemi kule mwambani," alisema. "Inatoa kibuyu kimoja kwa siku. Inatosha mtu mmoja na mbwa."

Hapo ndipo kila mtu alipotambua kwamba mwenzake naye amekuwa akimfikiria mbwa. Hawakutazamana. Jilala akasema, "Twendeni mara moja zaidi, tupate nyama ya njiani. Mengine tutayasema kesho."

Wakaenda, siku ya mwisho kabla ya safari. Mchanga ulikuwa umekauka mno, haukushikana. Walipata tundu. Mbwa akakaa. Njuga ikalia mlangoni, ikalia chini yao, ikalia mbali. Kisha ardhi ikashuka. Haikutoa kishindo. Ilishuka taratibu mbele ya macho yao, kama kifua cha mtu anayeshusha pumzi, na mahali palipokuwa na mlango pakawa na mchanga kama pengine pote.

Jilala alichimba kwa jembe, kisha kwa mikono. Kila alichokitoa kilirudi. Mbuke akachimba upande wa pili. Kila alichokitoa kilirudi. Shigela alilaza sikio chini, akawanyamazisha, akasikiliza muda mrefu.

"Sisikii njuga," alisema. "Na mkiendelea, mtazidi kumfukia. Acheni."

Jilala aliendelea mpaka jua likainama, kucha zinatoka damu. Kisha akakaa. "Amekwisha," akasema. "Mke wangu yuko peke yake na mizigo. Naenda." Akaenda, anapangusa mikono kwenye nguo, hakugeuka.

Shigela akapiga miluzi miwili mifupi.

Mbwa alikuwa amekaa mbele ya mlango usiokuwapo. Aligeuza kichwa, akamtazama mzee, kisha akautazama mchanga tena. Shigela akapiga miluzi miwili. Mbwa hakugeuza hata kichwa.

"Hajapata kunifanyia hivi," Shigela alisema.

Mbuke akamwita kwa jina. Tangu siku ya kile kibuyu hakupata kumwita asije. Hakuja. Akamfunga kamba shingoni, akamvuta. Mbwa akakita miguu, kamba ikamkaba, akawa anakoroma lakini macho yako mchangani. Mbuke akavuta, akavuta, kisha akaona aibu. Akafungua kamba. Alikuwa na kibuyu kidogo cha maji, fungu lake la siku ile na la Holo. Akachimba kishimo, akatandika jani, akamimina nusu, akayasogeza karibu na mdomo wa mbwa. Kisha akamshika Shigela mkono, wakaenda nyumbani polepole.

Alifunga mizigo. Alilala kidogo, akaota mbuga inapumua. Alfajiri, kabla Holo hajaamka, akarudi.

Mwanga ulikuwa wa kijivu na mbuga ilikuwa bado imetulia chini. Jani la maji lilikuwa kavu. Mbwa hakuwapo. Mbuke alisimama, akafikiri fisi. Kisha akaona mchanga unaruka, mbali, hatua kama arobaini upande wa mawio, mahali pasipo na tundu lolote. Akakimbia. Sisemi alikuwa amechimba mpaka mabega. Alichimba, akaacha, akainamisha sikio, akasogea kidogo kushoto, akachimba. Mbuke akapiga magoti, akainamisha sikio lake naye. Alisikia damu yake mwenyewe. Chini ya damu yake, mbali sana, akasikia njuga. Au aliota anaisikia. Mwenyewe hakuwa na uhakika.

Mbwa akaingiza kichwa chote. Alipokitoa, alikuwa amebeba kitu cha rangi ya mchanga, kidogo, kimelegea. Alikibeba kama alivyobeba lile yai. Alikuja nacho taratibu, akakiweka mkononi mwa Mbuke. Kikapiga chafya.

Jua lilipochomoza, watu wa Mwabulimi walikuwa njia panda na mizigo kichwani. Njia moja ilikwenda magharibi, moja kusini, na moja ilirudi mwambani. Mbuke akafika amembeba nguchiro ndani ya nguo yake, mbwa pembeni. Jilala alimpokea Shemeji kwa mikono miwili. Mke wake ndiye aliyesema asante.

Mbuke akajua wakati umefika.

"Niseme mimi kwanza," Jilala akasema. "Dada Mbuke, mzee wangu, nyote mnanijua si mtu wa kudai. Mbwa huyu amekaa kutwa na usiku bila kula kwa ajili ya nguchiro. Yale mapenzi hakuzaliwa nayo. Nilimtia mimi, kidole changu kilibaki mdomoni mwake. Nyinyi mnaomba mbwa. Mimi naomba wawili hawa wasitenganishwe. Na mke wangu anajifungua porini."

"Kama ni kutowatenganisha," Shigela akasema, "basi toa nguchiro amfuate mbwa."

Jilala akamkumbatia Shemeji.

"Sikusema kukuumiza, mwanangu," Shigela akaendelea. "Lakini angeweza kumpenda nguchiro na bado akaondoka pale. Mapenzi hayamfundishi mbwa kukaa. Nilimfundisha mimi, kwa mwanga wa mwisho niliokuwa nao. Ningeweza kuutumia kutazama watoto wa kijiji, kutazama nyota. Niliutumia kumtazama yeye. Na kubeba bila kuuma, nani alimfundisha? Angemtoa nguchiro amekwisha kumtafuna. Nyinyi mna macho, mna ndugu mnakokwenda. Mimi nabaki hapa peke yangu, na chakula changu kitakuwa kile kitakachowekwa mkononi mwangu."

"Lakini ulimpigia mluzi, baba," Mbuke akasema kwa upole. "Angekutii, Shemeji angekufa. Na kaka Jilala alisema amekwisha, akaondoka."

"Na wewe ulimfunga kamba," Shigela akasema, naye kwa upole.

"Nilimfunga. Kisha nikamfungua." Mbuke alitafuta maneno. "Sikumfundisha kitu. Mnajua nilimlisha nini alipokuwa hana meno. Angetupwa kwenye miiba, mzee usingekuwa na wa kumtazama akikimbia, na kaka kidole chako kingekuwa kizima. Jana alikunywa maji yangu na ya mama. Na safari yetu ni siku tisa, na mama mwendo wake mnauona." Kisha akasema lile lililokuwa moyoni. "Nimeshamzika mmoja. Sijui kama naweza kumwacha na huyu."

Wakamgeukia Holo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale. "Mama, amua."

"Msiniulize mimi," Holo akasema. "Mimi ni mtu wa kula alichokamata mbwa. Siwezi kuwa hakimu."

Basi Jilala akasema mbwa mwenyewe achague. Mbuke hakupenda. Aliona si haki kumwuliza kiumbe ni nani kati ya watu wake amwache. Lakini hakuwa na shauri jingine. Wakamkalisha mbwa katikati ya njia panda. Jilala akatembea kusini na njuga inalia mfukoni. Shigela akatembea kuelekea mwambani, fimbo mbele. Mbuke akatembea magharibi, amemshika Holo mkono, na hakugeuka nyuma, kwa sababu alijua akigeuka atamwita.

Alihesabu hatua hamsini. Hakusikia miguu nyuma yake. Alihesabu mia. Jua lilikuwa limepanda na mbuga ilianza kuinuka. Hapo akageuka.

Mbwa alikuwa amekaa palepale. Alimtazama Jilala, akamtazama Shigela, akamtazama Mbuke, masikio yamesimama, anangoja wote watatu warudi. Jilala alikuwa amesimama kusini, anaelea. Shigela alikuwa amesimama upande wa mwamba, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Hakuna aliyethubutu kupiga mluzi, wala kutikisa njuga, wala kumwita kwa jina.

Wakarudi njia panda, wote watatu. Watu wengine walikuwa wamekwishaondoka, mizigo yao inaonekana juu ya hewa bila watu. Maji yaliyobaki hayakuruhusu kukaa hapo mpaka mchana. Ilibidi mmoja aondoke na mbwa na wawili waondoke bila mbwa, na ilibidi iwe sasa.

Wa kwanza alimpa maziwa yasiyokuwa na mwenyewe. Wa pili alimpa nuru ya macho yake. Wa tatu alimpa mkono wake, na rafiki. Mmoja alikuwa na mama mzee, mmoja alikuwa hana mtu, mmoja alikuwa na mtoto ambaye hajazaliwa. Na wote watatu, siku ile mbugani, walikata tamaa wakaondoka, naye akabaki.

Wewe uliyekaa karibu na mlango, anza. Kisha mwenzako akujibu, na msigombane, mpeane nafasi. Je, nani alistahili kuondoka na Sisemi?